Mbwa Mwoga Hatibiwi kwa Kiboko: Mwongozo wa Kumfunza kwa Chakula, Umbali na Subira

Pita mitaa ya Nakuru mchana, kuanzia Kaptembwo hadi Lanet, hutakosa kumwona: mbwa aliyefungwa kwa mnyororo nyuma ya nyumba tangu alfajiri, kando ya tangi la maji, mkia ameubana katikati ya miguu. Watoto wa ploti wakipita wanamrushia vijiwe. Usiku anafunguliwa alinde boma, na mwenyewe anashangaa kwamba mbwa huyu anakimbia ufagio, anajikojolea akiitwa, kisha siku moja anamuuma mtoto wa jirani aliyeinama kuokota mpira. Ushauri anaopewa mwenye mbwa ni uleule kila mara: mchape mpaka ajue mkubwa ni nani.

Ushauri huo umeharibu mbwa wengi, na wengine wamewekewa sumu kwa kosa ambalo sisi binadamu ndio tulilipanda. Woga ni hisia. Haumtoki mbwa kwa amri wala kwa maumivu. Unapungua pale anapojifunza, mara nyingi na kwa muda mrefu, kwamba kile kinachomtisha kikitokea huja na jambo jema, na kwamba hakuna atakayemzuia akitaka kusogea mbali nacho. Yote nitakayoeleza hapa yanasimama juu ya vitu viwili, chakula na umbali. Chakula watu hukikumbuka. Umbali ndio husahaulika, na mafunzo mengi huharibikia hapo.

Kwa nini fimbo haimtoi woga

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mbwa yuko hivyo hivyo. Ukimchapa kwa sababu amemngurumia mgeni, hajifunzi kwamba mgeni ni mtu mwema. Anachojifunza ni kwamba wageni wakija, maumivu hufuata. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa huunganisha kitu na kile kinachokifuata bila hata kukusudia: asikie mlio, apewe chakula, na baada ya muda mlio peke yake unamtoa mate. Mlango huohuo ndio maumivu hupitia.

Kuna wanaosema, "Lakini wangu nilimchapa akanyamaza." Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la kuhuzunisha. Mbwa waliopigwa shoti za umeme bila njia yoyote ya kuzikwepa walipowekwa baadaye mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kifupi na kuokoka, wengi wao hawakujaribu. Walilala wakazipokea. Kwa hiyo ukiona mbwa aliyechapwa amelala kimya pembeni, usiseme ametulia. Huenda amekata tamaa tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walipima mate ya mbwa waliofunzwa kwa ukali na waliofunzwa kwa zawadi. Baada ya mafunzo, waliofunzwa kwa ukali walionekana kuwa na homoni nyingi zaidi za msongo.

Na kwa anayehitaji sababu nyingine, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mnyama kikatili ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani.

Swali linalofuata huwa hili: nikimpa nyama akiwa anatetemeka, si nitakuwa namfundisha kutetemeka? Hapana. Mtu haamui kuogopa ili alipwe, na mbwa hali kadhalika. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimsaidia mtoto mdogo aitwaye Peter aliyemwogopa sungura. Kila mtoto alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura alisogezwa karibu kidogo, lakini hakuletwa hadi pa kumfanya alie. Mwishowe Peter akamwacha sungura amgugune vidole kwa upole. Tunachofanya na mbwa ni jambo lilelile.

Kabla hujaanza

Mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Mbwa mwenye masikio yaliyooza kwa vidonda, jino bovu au nyonga inayouma atakwepa mkono wako hata ukiwa umeshika kilo ya maini. Apate pia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka. Mbwa mwoga yuko karibu kuuma kuliko mwingine, hivyo kwake chanjo hii haina mjadala.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani wote, pamoja na mlinzi na dada anayesaidia kazi. Mtu mmoja akiendelea kumtisha kwa ufagio, kazi ya wengine wote inabomoka. Watoto waambiwe wazi: mbwa akiwa kwenye kibanda chake haguswi wala haitwi, na akila hasogelewi.

Mnyororo nao ufikirie upya. Mbwa mwenye woga ana njia mbili, kukimbia au kupambana. Ukimfunga umemwondolea ya kwanza. Kama boma lako halina geti, afadhali umjengee kizimba cha mbao na waya chenye nafasi ya kutembea, na ndani yake kibanda chenye paa na mlango mmoja unaotazama pembeni, mbali na njia ya watu. Hapo pawe mahali pake ambapo hakuna baya linalomfuata. Usimvute atoke humo, na usimfungie humo kama adhabu.

Jifunze kusoma mwili wake

Sehemu hii naisisitiza kwa sababu wengi hutambua ishara mbili tu, kubweka na kuuma, na kufikia hapo mbwa ameshasema mengi yasiyosikika. Anaanza kwa kugeuza uso. Analamba midomo ilhali hakuna chakula. Anapiga miayo ilhali hana usingizi. Mguu mmoja wa mbele unanyanyuka kidogo, masikio yanalala nyuma, weupe wa jicho unaonekana kama mwezi mwembamba pembeni. Mwili unakuwa mzito, unahamia kwenye miguu ya nyuma. Halafu anaganda. Kuganda huko, hata kwa sekunde moja, ndiyo ishara ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu kinachofuata mara nyingi ni meno.

Mngurumo usiuadhibu kamwe. Mbwa anayenguruma anakuonya kwa heshima. Ukimchapa kwa sababu hiyo, ataacha kunguruma lakini hataacha kuogopa, na siku nyingine atauma bila onyo. Akinguruma, mwondoe mtu au kitu kilichomtisha, au mwondoe yeye, kisha jiulize ulikaribia mno wapi.

Kipimo chepesi kuliko vyote ni mdomo wake. Mbwa anayechukua kipande cha ini kwa ulaini anaweza kujifunza. Akianza kukinyakua na kukubana vidole, amekaribia ukingo. Akikataa kabisa chakula anachokipenda, ameshazidiwa. Usimsogeze hata hatua moja, rudi naye nyuma.

Chakula cha kazi

Ugali anaoula kila siku hautoshi. Unahitaji kitu anachokipata wakati wa mafunzo peke yake. Nenda bucha uombe mapafu, maini au moyo wa ng'ombe, nusu kilo inakwenda siku kadhaa. Chemsha mpaka vikauke damu kabisa, bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kisha katakata vipande vidogo kama punje ya harage. Vidogo kweli, kwa sababu kwa kikao kimoja utatoa vingi. Omena waliokaushwa na yai la kuchemsha pia hufanya kazi vizuri, na kwa mbwa wa Kisumu omena ni rahisi kuliko nyama.

Usimpe mapafu wala maini mabichi. Kuna tegu anayekaa ndani ya mbwa anayeambukizwa hivyo, na mayai yake yakimfikia mtu humletea vivimbe vya maji kwenye ini na mapafu. Turkana inajulikana kwa ugonjwa huo, lakini tegu huyo hachagui kaunti. Kuchemsha vizuri na kumpa mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari huzuia. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kwa ncha kali, hiyo acha kabisa.

Hatua ya kwanza: usimfanyie chochote

Mbwa mgeni au aliyeumizwa anahitaji siku za kukaa tu. Mpe chakula na maji saa zilezile. Ukipita karibu na kibanda chake, rusha kipande cha ini bila kusimama na bila kumwangalia, uendelee na safari yako. Jioni kaa kwenye kigoda mita kadhaa kutoka alipo, umpe ubavu, usimkabili kifua. Soma, menya viazi, piga simu. Kila baada ya muda rusha kipande. Usimwite.

Watu hushindwa hapa kwa sababu inaonekana kama hakuna kinachofanyika. Kumbe ndipo jambo kubwa linapofanyika: mbwa anagundua kwamba uwepo wako haudai kitu kutoka kwake.

Hatua ya pili: rusha nyuma yake

Akianza kukusogelea, shawishi la kumtegea chakula mkononi ni kubwa. Lishinde. Mbwa mwenye njaa atanyoosha shingo achukue ini huku moyo ukimwenda mbio, kisha akishalimeza anatambua ghafla kwamba yuko karibu mno na mtu, na hapo ndipo anaposhtuka au kuuma.

Fanya hivi. Akikusogelea hatua moja, rusha kipande nyuma yake ili arudi kukifuata. Amepata chakula, na amepata nafuu ya kuwa mbali. Atageuka mwenyewe na kuja tena, mara nyingi karibu zaidi kidogo. Rusha tena nyuma. Mtazame mkia wake mchezo huu ukiendelea: utaona unaachia taratibu kutoka tumboni, unaning'inia, na siku moja unayumba chini kwa chini. Endelea hivyo hadi awe anakuja kwa mwendo wa kawaida, mgongo umenyooka.

Hatua ya tatu: neno moja na kiganja kimoja

Chagua neno fupi utakalolitumia kuashiria kwamba alichofanya ni sawa. "Safi" linafaa. Sema "safi," mpe kipande, rudia mara kumi hivi bila kumtaka afanye lolote. Litamke kwa sauti ileile, ya chini na ya furaha.

Kisha weka kiganja wazi pembeni mwako, chini, usimnyooshee usoni. Akikitazama, "safi," rusha kipande. Akikinusa, "safi." Akikigusa kwa pua, "safi," na vipande vitatu mfululizo. Zoezi hili dogo lina thamani kubwa kwa sababu yeye ndiye anayekuja kwenye mkono. Mbwa ambaye maisha yake yote mkono ndio umekuwa ukimjia huanza kuutafuta. Baadaye utalitumia kumwita, kumpitisha getini, na kumtoa mahali penye vurugu bila kumvuta kola.

Kumpapasa kuje baada ya hapo. Anza kifuani au ubavuni mwa shingo, kamwe usianze juu ya kichwa. Papasa sekunde tatu, toa mkono, ngoja. Akisogea kwako au akakugusa kwa pua, ameomba tena. Akigeuza uso au kujikung'uta, amesema inatosha, na jibu hilo liheshimu hata kama mtoto wako analia akitaka kumkumbatia.

Hatua ya nne: kile anachokiogopa hasa

Chukua boda boda, kwa kuwa mbwa wengi wa hapa kwetu huzichukia, hasa zile zilizotolewa sailensa. Tafuta mahali ambapo pikipiki hupita lakini si kwa wingi. Kiamunyi, kwa mfano, vichochoro vya ndani vinafaa. Barabara yenyewe ya kwenda Kabarak haifai hata kidogo. Mfunge mkanda wa kifuani badala ya kola peke yake, kwa sababu mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kuchomoka kwenye kola. Kamba iwe na urefu wa mita 3 hivi na mikononi mwako ilegee.

Sasa pata umbali wake. Huenda ni mita 50. Ni ule umbali ambao anaiona pikipiki, masikio yanasimama, lakini bado anaweza kula. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mpangilio ni huu, na usiugeuze: pikipiki itokee, mbwa aione, ndipo chakula kianze kumiminika, kipande baada ya kipande, mpaka pikipiki ipotee. Ikipotea, chakula kinakoma na mkono unarudi mfukoni. Ukitoa chakula kwanza ndipo pikipiki ije, utamfundisha kwamba ini ni dalili ya hatari, na baada ya siku chache ataanza kulitilia shaka ini lenyewe.

Vikao viwe vifupi, dakika 5 hadi 10, halafu nyumbani. Ukiona siku fulani pikipiki inapita na yeye, badala ya kukaza mwili, anakugeukia kana kwamba anauliza ini liko wapi, umefika. Punguza umbali kidogo tu, hatua mbili tatu. Usipunguze umbali na kuongeza kelele siku moja. Na kama asubuhi alishtushwa na kitu kingine, mfano mbwa wa jirani wamepigana getini, ahirisha. Msongo hujumlishana, na mwili unaweza kuchukua saa nyingi, hata zaidi ya siku, kutulia.

Kwa ufagio au gambuti kanuni ni hiyohiyo, ila hapa kitu unakimiliki. Laza ufagio chini upande wa pili wa kiwanja, tawanya vipande kati yake na mbwa, ondoka. Siku nyingine usogeze ufagio karibu kidogo, siku nyingine uegemeze ukutani, kisha mtu aushike bila kufagia. Kufagia kwenyewe ni hatua ya mwisho na kuanzie mbali.

Wageni

Hapa lazima umfunze binadamu zaidi ya mbwa. Mgeni akifika, mtangulie getini umwambie: "Karibu mzee, kuna mbwa mwoga. Tafadhali usimtazame wala usimwite, pita tu ukae." Wengi hutaka kuthibitisha kwamba wao mbwa huwapenda, wakanyoosha mkono. Usione haya kumzuia shemeji yako. Kama nyumba ina watu wengi, harusi, matanga au chama cha akina mama, mbwa awe kizimbani na mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna, mlango umefungwa. Siku hiyo si ya mafunzo.

Mgeni akishatulia, mpe vipande avirushe kwa mbali, nyuma ya mbwa, kama ulivyofanya wewe. Asimlishe kwa mkono.

Radi na fataki

Nakuru mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na ngurumo zinaweza kuendelea hadi Agosti. Juu ya hayo kuna Diwali na mkesha wa Mwaka Mpya. Kwa mbwa anayeogopa sauti, hakuna mafunzo yanayofanyika katikati ya ngurumo chini ya mabati. Mwingize ndani, kwenye kona isiyo na dirisha, mtandikie gunia au blanketi, washa redio. Akikufuata, kaa naye. Kumfariji hakumwongezei woga. Kila ngurumo ikipiga, dondosha kipande cha ini. Akikataa kula, jaribu tena siku nyingine ngurumo ikiwa ya mbali. Mafunzo yenyewe fanya siku za jua, kwa sauti ya radi iliyorekodiwa kwenye simu, ukianza chini kabisa.

Je, ataendelea kulinda?

Ndiyo. Mbwa asiyeogopa watu wote kwa jumla ndiye anayeweza kutofautisha muuza maziwa na mtu aliyeruka ua saa nane za usiku. Yule anayebwekea kila jani hasikilizwi na yeyote, hata mwenyewe.

Kama jike lako limezaa, kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14 hivi, watoto wa mbwa huyapokea mambo mapya kwa urahisi ambao hautarudi. Washikwe kwa upole na watu tofauti, wasikie sufuria ikianguka, waone mwavuli, mtoto, mzee mwenye bakora, pikipiki iliyozimwa. Wasitenganishwe na mama yao kabla ya wiki 8.

Akiuma, na mafunzo yasipotosha

Mtu akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo aulize kuhusu chanjo, hata kama mbwa amechanjwa. Baada ya hapo mbwa huyo aanze kuzoezwa kifunga mdomo, cha aina ya kikapu kinachomwezesha kuhema na kunywa maji, kwa kupakwa ini ndani ili aingize pua mwenyewe.

Kuna mbwa ambao woga wao umekita kiasi kwamba hawali popote nje ya kibanda, wiki baada ya wiki. Hao wanahitaji daktari wa mifugo, kwa kuwa zipo dawa za kupunguza wasiwasi zinazotumika pamoja na mafunzo haya. Uliza kwa makini kuhusu dawa inayopendekezwa. Ipo aina, asepromazini, inayoulegeza mwili bila kupunguza woga wenyewe, na haifai kutumiwa peke yake kwa mbwa anayeogopa ngurumo: anaonekana amelala ilhali bado anasikia na anaogopa. Na dawa za watu, iwe ya maumivu au ya usingizi, usimpe hata nusu kidonge. Panadol na brufen zote zinaweza kumuua.